Kisiwa kilichopangishwa kwa kipanga mmoja: maongezi yangu kuhusu Malta

Haya ndo niliyoyasema Ijumaa usiku pale ukumbini Mji Mkongwe. Wale mlokosa mmenilalamikia sana kwenye simu kwa hiyo nimekaa nikaandika kama nilivosema, nimetoa vikohozi tu na ile nusu saa umeme ulipokatika tukawa tunapepeana kwa magazeti.

Assalaam alaykum. Wazee wangu shikamooni, mama zangu kule nyuma shikamooni, vijana mambo vipi.

Nimeambiwa niongee kuhusu Ulaya nikasema Ulaya kubwa, mkitaka Ujerumani au Ufaransa tafuteni mtu mwengine, mimi ntawapa nchi moja tu niliyokaa mwaka mzima nikisoma sheria za bahari, nchi yenyewe ndogo mpaka ukitaka kuikimbia kwa hasira unafika pwani hasira haijaisha. Malta. Kilomita za mraba 316, visiwa vyote pamoja. Mafia yetu ni kubwa kuliko hiyo. Unguja hii tuliyokaa unaweka Malta ndani mara 5 na nafasi inabaki ya kulima mihogo. Lakini ina kiti chake Umoja wa Mataifa, ina kiti chake Umoja wa Ulaya, ina kura sawa na Ujerumani kwenye mambo yanayotaka wote wakubali. Sa swali langu la leo ni moja tu, hawa watu wanaishi kwa nini? Mana mafuta hawana, dhahabu hawana, mto hata mmoja hawana, msitu hawana, karafuu ndo kabisa.

Ngoja kwanza niwaambie nilivofika. Siku ya pili nimeingia kaduka kadogo mtaani Msida nanunua maji, kuna bibi kakaa nyuma ya meza anaongea na mwenzake, mi sielewi hata neno, alafu nkasikia "sittin". Nikageuka. Sittin? Nikampa senti 60, bibi kanitazama kama nimemfanyia mazingaombwe. Nikaanza kutega masikio. Wanahesabu għoxrin, tletin, erbgħin, ħamsin, sittin, sebgħin, tmenin, disgħin, mija. Elfu wanasema elf. Alhamisi kwao Il-Ħamis, Ijumaa ni Il-Ġimgħa, bahari ni baħar, dunia ni dinja, daktari ni tabib, shetani ni xitan, hiyo x wanaisoma sh. Kitabu ktieb. Na hela, wazee wangu, hela wanaiita flus. Fulusi! Neno tulilokuwa tunalisikia kwa bibi zetu tu, we unalikuta Ulaya kwenye mdomo wa dereva wa basi aliyevaa msalaba shingoni.

Kimalta asili yake ni Kiarabu, kile cha Sisili na Afrika Kaskazini cha zamani, kikapakwa Kitaliano juu kikaandikwa kwa herufi za Kizungu. Na watu wenyewe ni Wakatoliki hasa, si wa mchezo, makanisa mpaka unachoka kuhesabu. Wanamwomba Mungu kwa jina la Alla, kufunga kwao kabla ya Pasaka wanakuita Randan, na Pasaka yenyewe ni L-Għid. Nilicheka peke yangu barabarani. Waarabu waliingia mwaka 870, Wanormani, Wakristo wa Kizungu, wakaja 1091, Waislamu wakaendelea kuwepo mpaka karne ya 13 alafu wakaisha, wengine walifukuzwa wengine walibadili dini, lakini lugha haikufukuzika. Mji mkuu wao wa zamani unaitwa Mdina, kitongoji chake Rabat, bandari ni marsa. Hayo majina hayataki tafsiri ukumbi huu.

Ndugu zangu Wakristo mlioko hapa nyie Malta mnaijua siku nyingi ila hamjui kama mnaijua. Matendo ya Mitume sura ya 28, Paulo anapelekwa Roma mahabusu, meli inavunjika, wanaogelea mpaka kisiwani, nyoka anamng'ata hafi. Kile kisiwa kinaitwa Melita. Ndo hiyohiyo. Hao Wamalta mpaka leo tarehe 10 Februari ni sikukuu yao ya kuzamiwa na meli, sijaona watu wengine wanaosherehekea ajali ya baharini.

Na kabla ya Paulo walikuwepo watu pale wamejenga mahekalu ya mawe makubwa, Ġgantija kule kisiwa cha pili cha Gozo ni ya miaka kama 3600 kabla ya Kristo, mapiramidi ya Misri hayajafikiriwa. Nimesimama mbele ya yale mawe. Sina la kusema zaidi, makubwa, na hakuna anayejua waliyapandishaje.

Turudi kwenye swali. Jibu langu, na hili ni langu mimi, msiende kusema profesa kasema: Malta inaishi kwa kupangisha. Mali yake ni pale ilipo. Kaskazini Sisili kilomita kama 90 tu, kusini Libya, meli inayotoka Gibraltar kwenda Suez lazima ipite jirani yake, alafu ina bandari ya asili yenye kina, imeingia ndani kama vidole vya mkono. Mwenye nyumba kama huyo halimi, anangoja mpangaji.

Mpangaji mkubwa wa kwanza alikuja 1530. Kulikuwa na hawa watawa wenye panga, Mashujaa wa Mtakatifu Yohana, masalia wa vita vya msalaba, Sultan Suleiman wa Uturuki kawatoa kisiwani Rhodes mwaka 1522 wanazurura hawana pa kukaa. Kaisari Charles wa 5, aliyekuwa mfalme wa Hispania na Sisili, akawaambia haya chukueni Malta na Gozo na mji wa Tripoli kule Libya, na kodi yake kila mwaka mtanilipa kipanga mmoja. Kipanga! Ndege yule wa kuwindia. Kila siku ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba, analetwa ndege mmoja kwa mwakilishi wa mfalme Sisili. Mimi niliposoma ile hati nikasema hii ndo maana ya kupanga kwa kipanga. (Hapa watu walicheka, nikanywa maji.)

Sasa mpangaji huyu hakuwa mtulivu. Kazi yake ilikuwa kuvizia meli za Waislamu baharini, kukamata mzigo, kukamata watu. Malta ilikuwa soko la watumwa, na ntalisema wazi hapa mana sisi tuna soko letu pale Mkunazini na tunawaonesha watalii kila siku, watu wanadhani biashara ile ilikuwa ya upande mmoja tu wa dunia. Valletta, mji mkuu wao wa sasa, ilikuwa na gereza la kulaza watumwa wa Kiislamu, 1749 wakapanga njama ya kuasi ikagundulika wakauawa vibaya. Na upande wa pili vilevile, mwaka 1551 manowari za Waturuki zilishuka Gozo zikabeba karibu kisiwa kizima, watu kama elfu 5, wakaenda kuuzwa. Gozo ikabaki mbuzi.

1565 Suleiman kachoka. Akatuma majeshi kuanzia Mei, na joto lile la Malta la Juni na Julai jamani, ni jiwe juu na jiwe chini, wakazingira ngome. Ngome ndogo ya St Elmo peke yake iliwachukua karibu mwezi kuivunja, na ndo alipofia Dragut, yule nahodha wa Waturuki aliyeogopwa bahari nzima. Mwisho msaada ukaja kutoka Sisili, Waturuki wakaondoka, tarehe 8 Septemba, leo ni sikukuu ya taifa. Mkuu wa mashujaa alikuwa Mfaransa anaitwa Jean de Valette, mwaka uliofuata, Machi 1566, akaweka jiwe la msingi la mji mpya juu ya kilima na mji ukachukua jina lake, Valletta. Nendeni siku moja. Mitaa imenyooka kama imepigwa rula, inashuka ngazi kwa ngazi mpaka baharini, na madirisha yana roshani za mbao zimefungwa pande zote mtu anaona nje haonwi. Nilisimama chini ya roshani moja ya kijani nikasema Yarabi, hii si Shangani hii?

Mwaka ule wa kuzingirwa, 1565, wao wakiutamka kwa maneno wanasema elf, ħames mija, ħamsa u sittin. Bibi yangu angeelewa bila mkalimani.

Watawa walikaa miaka 268 wakalewa, wakanenepa, na 1798 Napoleon anaelekea Misri akawatoa kama mtu anayefuta meza. Alikaa siku chache tu lakini kwa siku hizo alifuta utumwa na akaanza kubeba fedha za makanisa. La kwanza jema la pili kosa, huwezi kumgusa Mmalta kanisa lake. Septemba wakaasi, wakawazingira Wafaransa miaka 2 ndani ya Valletta, wakamwita Mwingereza asaidie. Mwingereza akasaidia. Alafu akasahau kuondoka mpaka 1979.

Hapo kwa Mwingereza ntakaa kidogo mana ni mwenzetu. Alipoipata hakuona kisiwa, aliona gereji. Gereji ya meli za kivita. Suez ilipofunguliwa 1869 ndo kabisa, meli ya kwenda India inapita pale inatia makaa. Maelfu ya Wamalta wakawa wanafanya kazi bandarini, mafundi wa chuma, wapaka rangi, wabeba mizigo, na wengine wanawauzia mabaharia pombe na chipsi. Mwingereza akiwa na vita, Malta inakula. Kukiwa na amani, njaa. Uchumi gani huo wa kuomba vita! Tarehe 7 Juni 1919, vita kuu imeisha, kazi hakuna, mkate umepanda bei, watu wakaingia barabarani Valletta, askari wa Kiingereza wakafyatua, wakafa Wamalta 4. Nayo ni sikukuu ya taifa.

Alafu vita ya pili. Italia ilitangaza vita Juni 10 mwaka 1940, kesho yake asubuhi mabomu yako juu ya Malta. Miaka 2 na ushee wanapigwa, watu wanalala mapangoni waliyoyachonga kwenye mawe, chakula kimebaki cha wiki. Aprili 1942 Mfalme George wa 6 akakipa kisiwa kizima nishani, George Cross, ndo ile iko kwenye kona ya bendera yao mpaka leo. Lakini nishani hailiwi. Kilicholiwa kilikuja Agosti, msafara wa meli umepigwa njia nzima, zimezama nyingi, na siku ya Santa Marija, sikukuu ya Bikira Maria, tarehe 15, ikaingia meli ya mafuta inaitwa Ohio, imetoboka, haiwezi hata kuelea peke yake, imefungwa katikati ya manowari 2 wanaikokota kama mgonjwa aliyeshikwa makwapani. Wazee walikuwa wamejaa juu ya kuta wanalia na bendi inapiga. Ukimtaka Mmalta wa makamo akutoe machozi mtajie Ohio.

Sasa kituko. Miaka ya 50 sisi huku watu wanadai Mwingereza aondoke, wao wakataka kuingia Uingereza moja kwa moja! Wawe na wabunge wao London. Waziri mkuu alikuwa Dom Mintoff wa chama cha Leba, msanifu majengo aliyesoma Oxford, mfupi, mkali, mdomo kama pilipili. 1956 wakapiga kura ya maoni, waliopiga asilimia 77 wakasema ndio, ila wengi walisusa, Kanisa lilikuwa na wasiwasi wake, na London wakaanza kupiga hesabu za gharama. Ikavunjika. Mintoff huyohuyo akageuka akawa anataka uhuru. Mwanasiasa ni mwanasiasa.

Uhuru ukaja 21 Septemba 1964 chini ya mpinzani wake, Giorgio Borg Olivier. Mwaka 1964 huu ukumbi hauhitaji kukumbushwa. Wao wakabaki na Malkia mpaka 13 Desemba 1974 walipokuwa jamhuri, na kambi za Mwingereza zikabaki palepale.

Mintoff akarudi madarakani 1971. Akamwambia Mwingereza, bwana, kodi ndogo hii, ongeza au uhame. Mwingereza akadhani utani, akaanza kufunga mabegi kweli kumtisha, Mintoff akawa anazungumza na Gaddafi pembeni, NATO wakaingiwa na baridi, na Machi 1972 wakasaini pauni milioni 14 kwa mwaka, miaka 7. Kutoka kipanga mmoja mpaka pauni milioni 14. Na mkataba ulipoisha, tarehe 31 Machi 1979, askari wa mwisho wakaondoka, mwenye nyumba hakurefusha mkataba. Wachina ndo miaka hiyo ya 70 wakawasaidia kujenga chelezo kubwa la kutengenezea meli, ileile miaka wanatujengea sisi TAZARA.

Kwa hiyo wana siku za taifa 5. Machi 31, Juni 7, Septemba 8, Septemba 21, Desemba 13. Kwa nini 5? Mana hawakukubaliana uhuru halisi ni upi. Chama cha Nationalist wanasema Septemba 21, siku yao. Leba wanasema Machi 31, siku yao. Basi wakaziweka zote.

Na hapo ndo serikali yao inaponifurahisha. Bunge ni moja, viti vya msingi 65, majimbo 13, kila jimbo watu 5. Karatasi ya kura haina tiki. Unaandika namba. Huyu 1 wangu, huyu 2, huyu 3, unaendelea mpaka utakapochoka. Wakihesabu wanachukua kura halali za jimbo, wanagawa kwa 6, wanaongeza 1, hicho ndo kiwango cha kupita. Tuseme kura 24,000, ukigawa kwa 6 ni 4,000, ukiongeza 1 ni 4,001. Ukifika hapo umeingia, na kura zako za ziada hazitupwi, zinahamia kwa yule walomwandika namba 2. Wa mwisho anatolewa, kura zake nazo zinahama. Kwa hiyo mgombea anagombana na mwenzake wa chama kilekile kuliko na mpinzani, mana wote wanagombea kuwa namba 1 kwenye nyumba zilezile. Mbunge anakujua mpaka jina la mtoto wako. Anakuja msibani, anakuja harusini, na we ukitaka mwanao apate kibarua serikalini unajua mlango wa kugonga. Hiyo tamu ina sumu yake, mi sifichi.

Kura zinahesabiwa ukumbi mmoja mkubwa Naxxar, na kati ya wahesabuji na mawakala wa vyama kuna kioo cha plastiki. Mawakala wamejipanga nje ya kioo wanapekua kwa macho kila karatasi inayofunguliwa, wana hesabu zao wenyewe, na saa chache tu kabla tume haijatangaza chochote, wale wanaoona wameshinda wanaanza kukigonga kile kioo kwa viganja. Du du du du. Nchi nzima ikisikia kioo kinagongwa basi imekwisha, mabendera barabarani, honi. Hakuna aliyezima mtandao, hakuna aliyengoja siku 3.

Si kwamba hawakuumizana. 1981 Nationalist walipata asilimia karibu 51 ya kura lakini Leba wakapata viti 34 kati ya 65, kwa mipaka ya majimbo tu. Miaka 5 ya fujo ikafuata, mabomu, vipigo, chama cha upinzani kikasusa bunge. Walichofanya badala ya kuuana zaidi ni kukaa 1987 wakaandika kwenye katiba, chama chenye zaidi ya nusu ya kura za nchi nzima kitaongezewa viti mpaka kiwe na wingi. Ikaisha. Rais wao anachaguliwa na bunge, ni wa heshima zaidi, mwenye nguvu ni waziri mkuu, toka 2020 ni Robert Abela wa Leba. Na watu wanapiga kura hasa, 2022 walijitokeza asilimia 85 na ushee magazeti yakaandika aibu, ndogo kuliko zote tangu uhuru.

Haya, sasa wanapangisha nini zama hizi? Bendera, kwanza. Malta ndo yenye daftari kubwa la meli kuliko nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya, meli ya Mgiriki, haijawahi kutia nanga Valletta, nyuma imeandikwa VALLETTA, na ada inalipwa. Sisi hapa tunalo daftari letu la meli na tunakumbuka mwaka 2012 tulivojikuta meli za mafuta za Iran zinapeperusha bendera yetu mpaka zikafutwa. Bendera ni kama mihuri, ukimpa dalali akae nayo nyumbani usishangae.

Pili, kamari. Walitunga kanuni za kamari ya mtandaoni 2004 mapema kuliko wenzao Ulaya, na leo mitaa ya Sliema na St Julian's imejaa makampuni ya kubeti, vijana wa Kiswidi na Kitaliano wamekaa kwenye kompyuta usiku kucha. Nyie vijana mnaosuka mikeka hapo nyuma, najua mnanisikiliza sana hapa.

Tatu, kodi. Hii nilichorewa na mhasibu mmoja kwenye karatasi ya kufungia mkate. Kampuni inalipa asilimia 35 ya faida, kubwa, umeona? Umoja wa Ulaya wakiangalia wanaona 35. Alafu mwenye hisa anaomba arudishiwe, na anarudishiwa sehemu 6 kati ya 7. Sehemu 6 kati ya 7 za 35 ni 30. Imebaki ngapi? 5. Nikamwambia bwana we ni mchawi, akasema hapana, mimi ni Mmalta.

Vingine vipo pia, haki yao: bandari ya makontena tangu 1988, kiwanda cha vipande vya kompyuta pale Kirkop, ufundi wa ndege, na watalii milioni 3 na nusu mwaka 2024 kwenye nchi ya watu laki 5 na kitu. Sisi mwaka huohuo tulipata laki 7 na ushee na tunasema barabara zimejaa. Maji ya kunywa zaidi ya nusu wanayatoa baharini wanayachuja chumvi, birika langu likawa linafanya ukoko mweupe ndani kama limepakwa chokaa.

Lakini mpangishaji akizoea kupangisha anafika pahala anapangisha na kitanda chake. 2014 wakaanza kuuza uraia. Euro 650,000 za mchango, na nyumba, na hati fungani za serikali, unapewa pasipoti ya Malta, mana ake pasipoti ya Ulaya nzima. Pesa ikamiminika. Kulikuwa na mwandishi mmoja mwanamke, Daphne Caruana Galizia, anaandika kila siku nani kala nini, watu wanamchukia vibaya na wanamsoma kila asubuhi. Tarehe 16 Oktoba 2017 alitoka nyumbani Bidnija, gari likalipuliwa. Nchi ile ndogo, kila mtu anamjua kila mtu. 2019 watu wakaingia barabarani, waziri mkuu Joseph Muscat akaachia ngazi Januari 2020, na tume ya uchunguzi ikaandika 2021 kwamba dola yenyewe inabeba lawama kwa kuacha utamaduni wa watu kutoogopa sheria. Mwaka huohuo Malta ikawekwa kwenye orodha ya kijivu, ya nchi zinazofuatiliwa kwa utakatishaji fedha, ikakaa mwaka mmoja. Tanzania na Kenya nazo zimepitishwa hapohapo kwa hiyo tusinyoosheane vidole sana. Na Aprili 29, 2025 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikasema basi, uraia si bidhaa.

Mimi mwenyewe nilikuwa mpangaji. Mama mwenye nyumba alichukua dhamana ya miezi 2, chumba kina dirisha linatazama ukuta, kodi kubwa mana makampuni ya kamari yamepandisha bei ya kila tundu la njiwa. Siku ya kuondoka akaniambia dhamana hairudi, kuna doa kwenye godoro. Doa lilikuwepo tangu Wanormani. Nikabishana, akafunga mlango akinambia "saħħa". Ndo kwaheri yao hiyo, maana yake afya, siha. Nikabaki na siha, flus hakuna.

Ila kuna kitu kimoja ambacho hawakukipangisha, na ndo kilichonipeleka mimi kule. Tarehe 1 Novemba 1967, angalieni tarehe, siku ileile ya kulipa kipanga, balozi wa Malta Umoja wa Mataifa, Arvid Pardo, alisimama akahutubia saa nyingi kuhusu chini ya bahari. Akasema mabonge ya madini yaliyolala kule kwenye kina, nje ya mipaka ya nchi zote, yasiwe ya mwenye meli na mashine, yawe urithi wa wanadamu wote. Nchi ina uhuru wa miaka 3, haina hata jeshi la maji la maana, inaiambia Marekani na Urusi kuhusu sakafu ya bahari. Ndo mbegu ya Mkataba wa Sheria za Bahari wa 1982. Na kamati iliyoandaa ile mamlaka ya sakafu ya bahari iliongozwa mwanzo na nani? Na Mzee wetu Joseph Warioba. Wengi hamlijui hilo. Na 1988 taasisi ya sheria za bahari ikawekwa palepale Msida, ndo nilikosoma mimi na Waafrika wengi tu.

Nitakoma hapa mana naona kahawa imeingia.

(Maswali yalikuwa mengi, moja ntaliandika. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango, kofia ya viua, alikuwa kimya muda wote kashika kikombe.)

Akauliza: mwanangu, hao wenyeji, walipopangishwa kwa ndege, waliulizwa?

Nikamwambia mzee wangu, hawakuulizwa, na kibaya zaidi walishajilipia. Miaka 100 nyuma mfalme Alfonso wa Aragon alikiweka kisiwa rehani kwa bwana mmoja kwa florini za dhahabu 30,000. Watu wakaasi, wakasema tutachanga wenyewe tumlipe, ila tuandikie hati kwamba hututoi tena kwa mtu. Wakachanga, na kisiwa kile mawe matupu. 1428 mfalme akaandika hati, akaapa, hamtatolewa tena milele.

"Wakajikomboa kwenye rehani," akasema mzee.

Naam.

"Na hati wanayo."

Wanayo.

"Alafu wakatolewa."

Wakatolewa.

Akaangalia kikombe chake, akakitikisa kuona kama kimebaki kitu chini. "Kwa ndege," akasema, akamwita mtoto wa kahawa.